Kwa Karibukiti, Fundi wa Sanamu za Kukaliwa

Mwanangu, ni mwaka mzima sasa tangu kishikio cha ndoo yako kiache kugonga uani kabla hakujapambazuka. Kwa miaka mingi mlio ule ndio ulioniamsha. Kwanza bomba lilikohoa, halafu maji, halafu kishikio kikaangukia ubavu wa ndoo, nko, na wewe ukaguna kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Hapo nilijua umeamka na unakwenda kuinywesha saruji yako.

Siku hizi ndoo anaibeba mkeo. Kile kishikio amekiviringishia kitambaa ili kisinishtue. Hakuniambia, nilikiona mwenyewe nilipokwenda kuanika nguo. Ni wema, na mimi nina mkwe mwema, sikatai. Lakini mlio ule nilikuwa naupenda. Mwaka huu wote nimetendewa wema wa namna hiyo, na ndiyo maana kumbukumbu hii ya gazetini itakuwa na manung'uniko. Wanaoisoma watatuvumilia.

Familia imeniachia mimi niandike. Kaka yako alisema yeye akiandika atatukana watu. Mkeo alisema akishika kalamu mkono unakuwa mzito. Basi nimekaa hapa mezani na miwani yangu, nakueleza mambo kama nilivyokuwa nikikueleza ukirudi kazini, wewe unavua buti, mimi nasema, nawe unaitikia "ehee" hata pale usiposikia.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mwashi. Mchana ulijenga kuta za watu, na kwako choo na ghorofa vilikuwa kitu kimoja, ukuta ukipinda uliubomoa. Jioni ulikwenda bustanini.

Bustani ile ya sanamu, pale nyuma ya stendi ya mabasi, ilikuwa jalala. Nyinyi mafundi wa mtaa ndio mlioisafisha: wewe, na rafiki yako mchomelea vyuma ambaye wote tunamwita Cheche, na mama mfinyanzi, na yule mchonga mbao asiyependa kuongea. Hakuna aliyewatuma. Mliondoa takataka kwa toroli, mkatandika njia ya matofali yaliyovunjika, kisha kila mmoja akaleta alichoweza. Cheche alileta mwendesha baiskeli aliyeundwa kwa minyororo na spoku. Mfinyanzi alileta mitungi iliyobebana migongoni kama watoto. Mchonga mbao alileta samaki mrefu kuliko mlango wetu, akamsimamisha kwa mkia. Watu wakamuuliza kwa nini samaki asimame, naye akawatazama tu.

Wewe ulileta vitu vya kukalia. Ulileta kobe, na ng'ombe aliyelala, na kiganja kikubwa kilichofunguliwa, vyote vya saruji. Ulisema sanamu ambayo mtu hawezi kuikalia ni ukuta uliopindishwa. Mtu akisimama mbele ya kazi yako ameweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, ulimwambia "karibu kiti". Ndipo wakakuita Karibukiti, na jina likakuganda mpaka wauza simiti wakasahau uliitwaje kabla.

Waliokosa basi walilala ndani ya kiganja chako. Akina mama waliotoka sokoni walitua mizigo juu ya kobe, wenyewe wakakaa kwa ng'ombe. Siku moja ulimkuta kijana amelala kwenye kiganja na manyunyu yameanza. Ulivua koti lako ukamfunika bila kumwamsha, ukaja nyumbani umelowa chapachapa, ukaniambia koti umelisahau kazini. Nilijua si kweli, maana kusahau kwako nakujua. Baada ya siku chache koti lilikutwa juu ya kobe, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Mpaka leo hatujui nani alilifua. Popote alipo, tunamshukuru.

Sanamu yako ya mwisho ulinifanya mimi. Sikukuomba. Jumamosi moja uliniambia nikae chini uani, ninyooshe miguu, nitulie. Nikadhani ni jambo la mara moja. Ukaleta kamba, ukanipima kama unayepima msingi, kutoka kisigino hadi goti, kutoka goti hadi kiunoni. Mtoto wa jirani akapita, ukamwita akae mapajani mwangu uone anavyozama. Ukamwita na mwenzake. Mwishowe ukamkalisha binti yako mdogo, ukarudi nyuma, ukainamisha kichwa.

"Hapohapo, Mama. Usipumue."

Nikakuambia mimi si tofali. Mgongo ulinisumbua wiki nzima, nawe kila jioni ulinikanda kwa mikono ile iliyokauka kama msasa, ukiniomba radhi huku unacheka.

Ulipoimaliza ukanipeleka kuiona. Nikaona mama mnene amekaa ardhini, miguu ameinyoosha mbele, kichwa amekilaza upande kama anayesikiliza umbea wa jirani, na mapaja yameacha nafasi ya mtoto katikati. Nikakuuliza makalio yote yale ni ya nani.

"Ya msingi, Mama," ukasema. "Jengo bila msingi linakwenda wapi?"

Cheche alicheka mpaka akashika samaki wa mbao asianguke.

Mwili wote uliusawazisha kwa mwiko, isipokuwa mabega. Mabega uliyamalizia kwa vidole, harakaharaka, kwa sababu saruji ilikuwa inaanza kushika. Alama za vidole zikabaki. Hukuzipenda. Kila alfajiri ulikwenda na ndoo kulowesha magunia uliyoifunika nayo, maana ulisema saruji ikikauka upesi inapasuka, na kila alfajiri ulisema Jumapili utapitisha chokaa mabegani uyalainishe. Kisha kifua kikakushika. Ulikwenda hospitali kwa miguu yako, na kikombe chako mkononi kwa sababu hukupenda vikombe vya watu. Kikombe kilirudi. Wewe hukurudi kwa miguu.

Miezi ya kwanza mapaja yale yalitusaidia kuliko pole nyingi tulizopewa. Binti yako mdogo akitoka shule alipitia kule, akapanda, akaegemea lile tumbo la saruji na kumalizia mkate wake. Sikumuuliza anawaza nini. Alirudi nyumbani mtulivu, akafanya kazi zake za shule, akalala. Wengine nao walikaa. Mara nyingi niliwakuta watu nisiowajua wamekaa mapajani mwangu, nikawasalimia na kupita zangu.

Halafu wenzako wakataka kukuheshimu.

Walituita siku ya mapumziko, tukaenda na nguo zetu nzuri. Sanamu ilikuwa imefunikwa shuka. Mwenyekiti wa kamati ya bustani, yule mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alisema maneno mazuri juu yako, na yalikuwa ya kweli. Shuka likaondolewa. Tukaona uzio wa chuma umeizunguka sanamu yote, umefika kifuani mwa mtu mzima, umepambwa kwa maua ya bati, kila ua na majani yake, na katika kila jani mshipa umechorwa kwa moto. Mbele paliwekwa geti lenye kufuli na kibao: Tafadhali usiguse. Kwa heshima ya msanii wetu.

Uzio ule aliutengeneza Cheche peke yake. Hakuomba chuma wala msaada kwa mtu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kazi, na labda si kwa kazi tu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana nilikuwa natazama maua, sijafika kwenye kufuli.

Binti yako ndiye aliyefika wa kwanza. Alichoropoka mikononi mwangu, akakimbia kama kawaida yake kwenda kukaa. Akagonga chuma. Alizunguka upande wa pili, akakuta chuma. Mlinzi wa bustani akamshika bega taratibu, akainama, akamwambia hapa sasa hakai mtu. Mtoto hakulia. Alirudi akasimama nyuma ya gauni la mama yake.

Tangu siku ile akitoka shule hapiti bustanini. Anazunguka barabara ya mbali, ya magereji, yenye vumbi na magari. Mama yake alimuuliza kwa nini anajichosha. Akajibu huku anavua viatu:

"Kule kwa baba pamefungwa."

Neno hilo, mwanangu, ndilo lililoninyima raha mwaka huu. Niliapa kwamba kabla mwaka haujatimia patafunguliwa, na mtoto atakaa pale ulipompimia.

Nilianza na mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nilikwenda asubuhi, nikapitisha mkono katikati ya maua ili nifute kinyesi cha ndege kwenye goti. Akaja mbio ameshika kofia isianguke.

"Bibi, hairuhusiwi kugusa."

"Huyu ni mimi."

Akaitazama sanamu. Akanitazama mimi. Akaitazama tena, hasa pale kwenye msingi, nikaona amekubali.

"Hata kama ni wewe, Bibi."

Kisha akaenda kwenye kibanda chake, akaleta kigoda, akakipangusa kwa kofia na kunikaribisha nikae, yeye akasimama juani. Nikakaa juu ya kigoda cha mlinzi, nayatazama mapaja yangu mwenyewe kwa mbali. Utamkasirikia vipi mtu kama huyo? Nilijaribu, nikashindwa. Akaniambia ufunguo uko kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alinipokea kwa chai na mto wa mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hata wewe hukuliweza. Halafu akasema ananielewa kabisa, na kwamba jambo lenyewe ni la kamati. Kamati ingekaa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ilinyesha, hawakukaa. Mwezi uliofuata walikaa lakini idadi haikutimia, wakanywa maji na kutawanyika. Mara ya tatu walitimia. Nikavaa viatu vyangu vya kubana, nikaenda.

Walisimama wote nilipoingia. Mama mfinyanzi alinishika mkono muda wote wa kikao. Nikawaeleza kwamba uliifanya ile ikaliwe, kwamba mtoto anapita kwenye magari, kwamba sanamu isiyokaliwa wewe ungeiita ukuta. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akasema watu siku hizi hawana adabu na vitu. Mwingine akasema wageni wameusifu uzio. Mchonga mbao alitazama dirishani, na mimi nilidhani yuko upande wangu. Mwishowe mwenyekiti akasema uzio ni zawadi ya Cheche, na kamati haiwezi kuigusa zawadi ya mtu bila yeye mwenyewe. Cheche hakuwepo. Wakasema niongee naye.

Nikaongee naye wapi? Huyu aliyekuwa akila kwangu kama aliyezaliwa humu, aliyekuwa akiingia bila hodi na kufunua sufuria, mwaka huu wote hakukanyaga kwetu. Nilipotuma salamu, alijibu salamu. Nilipokwenda karakana yake mara ya kwanza nikaambiwa amefuata chuma. Mara ya pili, amefuata chuma. Nikawaza kwamba kama chuma chote anachofuata kingefika, angekuwa ameshajenga daraja.

Nyumbani nako sikupata wa kunung'unika naye. Kaka yako alisema ataazima msumeno, usiku mmoja tu, asubuhi watakuta hakuna uzio. Nilimkatalia. Sitaki waseme ndugu za Karibukiti ni watu wa kuvunja bustani aliyoijenga. Mkeo naye akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Mama, walifanya kwa mapenzi."

Nikamjibu kwa ukali, na ukali haukuwa wake. Nilimwambia najua walifanya kwa mapenzi, na hiyo ndiyo tabu yenyewe. Mtu akikufanyia ubaya, unajua pa kumshika. Akikufungia mlango kwa mapenzi, utamshika wapi? Baadaye aliniletea maji ya moto ya kukanda magoti, akakaa nami mpaka yakapoa. Tumepewa mtu, mwanangu.

Siku zikasogea. Wiki iliyopita nikaona nikingoja tena mwaka utatimia na kufuli likiwa palepale. Nikaenda karakana mchana wa jua kali, wakati ambao hakuna afuataye chuma. Cheche alikuwa ndani ya moshi, amevaa barakoa yake ya kuchomelea, haoni wala hasikii. Sikumwita. Nilikaa juu ya fremu za madirisha na kumngoja. Alipoinua barakoa akanikuta.

Alitafuta kitu cha kushika. Akashika nyundo, akaiweka. Akaniambia fremu zitanichafua nguo. Nikamwambia nguo hufuliwa. Nikamuuliza habari ya uzio.

"Kamati ndiyo iliyoamua, Mama."

"Kamati imesema ni wewe."

Akainama, akaanza kuokota vipande vya waya sakafuni, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Nilimwacha aokote. Nina subira, kama ujuavyo.

"Ni mabega," akasema mwishowe, bado ameinama. "Kila anayepanda anashika begani. Nilikuwa naenda kuangalia jioni. Alama ya kidole gumba chake cha kulia, ile iliyozama, ilikuwa inafutika."

Hapo nikaelewa, na hasira niliyokuja nayo ikakosa pa kukaa. Hakuwa anamzuia mtoto. Alikuwa anakuzuia wewe usifutike. Nami nina shati lako la kazi ambalo sijalifua, limening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, kwa hiyo si mimi wa kumcheka.

Hata hivyo nilimwambia. "Vidole vile mwenyewe alitaka kuvilainisha. Kila siku, Jumapili, Jumapili."

"Najua. Chokaa alininunulisha mimi."

"Basi unamlindia kitu alichokiona ni kazi mbovu."

Akacheka kidogo, akajipangusa uso kwa mkono mchafu, ukamwacha na mstari mweusi shavuni. "Angenitukana yule."

"Angekukaribisha kiti kwanza," nikasema. "Halafu angekutukana."

Kisha nikamweleza habari ya binti yako, ya barabara ya magereji, na lile neno alilolisema akivua viatu. Mkono wa Cheche ulisimama. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

"Ungekuja nyumbani," nikamwambia, "ungeambiwa."

Nilisema hivyo bila kupaza sauti, lakini nilikuwa nimelibeba neno hilo mwaka mzima, na nadhani alilihisi uzito wake. Sikumngoja ajibu. Nilikwenda zangu.

Juzi mchana, mtu akaja mbio kutuambia kuna kelele bustanini. Tukaenda wote, mkeo, kaka yako na mimi, na binti yako tukamshika mkono katikati yetu. Cheche alikuwa amevuta waya wa umeme kutoka kibanda cha anayechaji simu, anakata uzio kwa mashine, cheche zinaruka mpaka kwenye njia ya matofali. Mlinzi alikuwa anamwambia kwa heshima kwamba hana kibali. Cheche akazima mashine ili asikike.

"Nimeufunga mimi," akasema, "na ninaufungua mimi. Wakikuuliza, waambie hivyohivyo."

Mlinzi akafikiri. Kisha akaenda kuushika ule waya wa umeme juujuu, watu wasijikwae. Huo nao ni wema, na tunauandika.

Upande wa mbele wote ulitoka pamoja na geti na kufuli lake. Upande wa nyuma Cheche hakuutupa. Alikata nguzo mbili na chuma kimoja kirefu, akakikunja, akakisaga makali, akakichomelea kando ya sanamu, chini kidogo ya bega, pale ambapo mkono wa mtu anayepanda unatafuta kitu. Sasa anayetaka kukaa anashika chuma, anajivuta, anakaa. Mabega yako yamebaki bila kuguswa sana. Ua moja la bati aliliacha mwishoni mwa kile chuma. Nilitaka kumwambia aliondoe, litachana mtu. Nikamwacha nalo, akalikunja majani mwenyewe nilipogeuka.

Ingekuwa hadithi ingeishia hapo na sote tungefurahi. Lakini mwenyekiti alituma ujumbe jioni ileile kwamba kitendo kile hakikufuata utaratibu, na kamati itakaa. Kibao cha "usiguse" bado kipo, kimeegemezwa kwa yule samaki, kwa sababu kukiondoa ni jambo la kamati. Mlinzi ameambiwa asikae upande wa mtu yeyote. Kwa hiyo ninapoandika haya sijui kama uzio hautarudi, na sina hakika kama magoti yangu yana kikao kingine ndani yake.

Na liko jambo moja ambalo hakuna kamati itakayolirekebisha.

Binti yako hakukimbia. Alisogea polepole, akaangalia mahali geti lilipokuwa, akapapasa hewani kwa mkono, kama anayedhani chuma kipo ila hakionekani. Kisha akashika kile kishikilio kipya, akapanda, akakaa. Miguu yake ikafika chini.

Ulimpimia akiwa anazama yote katika mapaja yale, unyayo unaning'inia. Wamemfungia miezi yote ile, na mtoto hakusimama kungoja, alikua. Alijisogeza huku, akajisogeza kule. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeharibu.

"Bibi, amepungua."

"Hajapungua, mama. Ni wewe uliyeongezeka."

Hakupenda jibu hilo. Akaikunja miguu kifuani, akaikumbatia, akajibana mpaka akaenea. Akalaza kichwa kwenye tumbo la saruji, akafumba macho. Hakuna aliyemwambia ateremke. Mkeo aligeukia mitungi ya mfinyanzi, akasimama pale kwa muda akiitazama kama anataka kununua. Nami nilikuwa na hasira, mwanangu, nakuambia ukweli. Nilifurahi na nilikuwa na hasira, kwa ajili ya siku zote ambazo angeweza kukaa pale bila kujikunja.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati, ambao tunawapenda na tunajua mlimpenda, msiurudishe ule uzio. Kama mnataka kumheshimu, kaeni. Saruji ile aliinywesha maji kila siku mpaka ikakomaa, haitavunjika kwa kukaliwa. Na wewe unayesoma, ukipita nyuma ya stendi na basi lako limechelewa, nenda upande wa samaki aliyesimama, utaniona. Mimi ndiye mnene. Usiwe na wasiwasi na kibao.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako. Mkeo, anayeamka sasa kabla yetu sote. Kaka yako, ambaye hakutukana mtu ila kwa sauti ya chini. Mwanao mkubwa aliye masomoni, anayeuliza kila akipiga simu kama pamefunguliwa. Na binti yako mdogo, anayepita tena njia ya bustanini. Wajomba, shangazi na majirani ni wengi kuliko nafasi tuliyopewa hapa. Hutupotei, mwanangu, si leo wala mwaka ujao, hata mabega yale yakilainika kama ulivyotaka.

Tumemwandika na Cheche miongoni mwa ndugu, bila kumuuliza. Juzi, tulipokuwa tunaondoka bustanini, alibaki nyuma akikunja waya wake wa umeme. Tulipofika njiani akaniita. Akaja mpaka karibu, akasimama, akatazama buti zake.

"Mama," akasema, "usisubiri mpaka ukasirike. Njoo tena karakana."